Pozisheni ya Sita

Jumamosi hiyo nilipanda mwendokasi Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sanduku la tromboni nimelisimamisha katikati ya magoti. Mama mmoja wa makamo aliyekaa pembeni yangu alilitazama mpaka tukafika Manzese, ndipo akauliza, "Mwanangu, humo mna nini?"

"Tarumbeta, mama. Ile ya kuvuta."

"Ahaa, kumbe wa matarumbeta! Leo mnamsindikiza bibi harusi wa wapi?"

Nikamwambia leo hakuna harusi wala kipaimara. Tunakutana wapiga tromboni watupu, tushinde pamoja, tufundishane, jioni tuwapigie watu. Akanitazama usoni kuona kama nasema kweli, kisha akasema, "Haya, Mungu awatangulie."

Wapiga tromboni watupu. Huu ni mwaka wa kumi na tisa napiga chombo hiki, na sikuwahi kuwa na sababu ya kuyatamka maneno hayo. Bendi ya usharika wetu ina tarumbeta sita, alto mbili, tuba moja na tromboni moja, ambayo ni yangu. Bendi nyingi ninazozijua hapa Dar ziko hivyo: tarumbeta zimejaa mbele, tromboni iko peke yake nyuma. Mpiga tarumbeta akikwama ana wa kumuuliza kulia na kushoto. Mimi nikikwama namuuliza nani? Aliyenianzisha, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga tarumbeta hodari, na alinipa alichokuwa nacho. "Kila pozisheni ni kiganja kimoja," aliniambia. "Hesabu viganja." Nikahesabu viganja miaka yote hiyo.

Kwa msiokijua chombo hiki, nieleze kidogo. Tarumbeta ina vibonyezo vitatu, gitaa lina vyuma vinavyokata shingo yake. Tromboni ina mrija wa kuvuta tu, ambao sisi tunauita slaidi, na slaidi haijachorwa alama hata moja. Kuna mahali saba pa kuusimamisha mkono, ndizo pozisheni. Ya kwanza umefunga kabisa, ya saba mkono umenyooka mpaka bega linalalamika. Kila ukishuka pozisheni moja, sauti inashuka nusu toni, hatua fupi kabisa kati ya noti na noti. Ya tatu unaipata kabla kidogo ya ukingo wa mdomo mpana wa chombo, ya nne unauvuka ukingo huo kidogo. Ukishapita hapo hakuna cha kuangalia tena. Ni wewe na sikio lako.

Basi kuna noti moja, C ya chini, inayokaa pozisheni ya sita. Nyimbo zetu za kanisani zinaipenda sana, hasa mwishoni mwa mstari, pale watu wote wanapotua. Na kila nilipoifikia nilihisi kitu hakijakaa sawa. Haikuwa mbovu kiasi cha mtu kugeuka kunitazama, ila mwenyewe nilijua. Mimi na tuba tulikuwa kama watu wawili wanaobeba meza mlangoni, mmoja ameinua na mwenzake bado. Nilijaribu kukaza midomo, nikajaribu kulegeza. Nikabadilisha kipulizio. Mwisho nikazoea kuipiga kwa sauti ndogo ili isisikike.

Tulikutana kwenye ukumbi wa usharika mmoja Kinondoni, na hadi saa tatu tulikuwa ishirini na sita. Kuna waliotoka Kibaha na Bagamoyo, wawili wa Tanga waliosafiri usiku, na mmoja aliyevuka na boti kutoka Unguja, ambako ngoma ya beni ya harusini ingali inapita mitaani. Vijana watatu wa Morogoro walikuja na treni ya SGR asubuhi hiyohiyo, wamebeba tromboni mbili kwa watu watatu. Alikuwepo pia mzee mmoja mstaafu, aliyepiga maisha yake yote kwenye bendi za serikali, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mstari. Nilimsogelea nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete hiyo."

Hakuniuliza jina. Aliichomoa slaidi yangu, akaisimamisha wima, akaachia mrija wa nje uteremke. Slaidi nzuri huteremka yenyewe kwa uzito wake, laini, mpaka chini. Yangu iliteremka nusu ikaganda. Mzee akapitisha kidole taratibu juu ya mrija mpaka akafika mahali, akakichukua kidole changu akakiweka hapohapo. Palikuwa na kibonyeo kidogo kuliko punje ya mchele. Nimekishika chombo hicho kila wiki na sikuwahi kukijua.

Warsha ya kwanza ndiyo ilikuwa hiyo, usafi na matengenezo, na ningeweza kuandika makala nzima juu yake pekee. Hewa ya Dar ni ya chumvi na unyevu, na vyombo vyetu vingi vimetufikia vikiwa vimeshatumika na wengine. Changu kilitoka usharika rafiki Ujerumani, tayari kina umri kunizidi. Hatuna duka la kukimbilia tukivunjikiwa, kwa hiyo kila mtu amebuni lake. Ukumbini niliona mlango wa kumwagia mate uliozibwa kwa kipande cha kandambili, na unaziba vizuri. Niliona springi iliyobadilishwa kwa mpira wa kufungia pesa. Kijana mmoja alichomelewa kiungo cha tromboni yake na fundi wa rejeta wa mtaa wa Gerezani, na kazi ilikuwa safi kiasi kwamba Mzee aliomba namba ya huyo fundi.

Hayo yote aliyasifu. Alichokataa kabisa ni mafuta ya kula. Nusu yetu tulikuwa tunapaka mafuta ya kula kwenye slaidi, au mafuta ya mgando. Yanateleza siku ya kwanza, kisha yanashika vumbi na kugeuka gundi, na gundi hiyo ndiyo inayokwangua mrija wa ndani mpaka utando wake mgumu unaisha. Wapiga tromboni wa zamani walitumia krimu ya ngozi, ile nyeupe ya kujipaka usoni, kiasi kidogo sana, kisha wakanyunyizia maji juu yake. Maji yanajikusanya matone madogo na slaidi inaelea juu ya matone hayo. Mzee alitoa kopo lake na kichupa cha kunyunyizia, akampaka kijana wa Bagamoyo slaidi yake mbele yetu sote. Kijana alipoivuta, ukumbi mzima ulisema "Aah!" kwa pamoja.

Akatuambia pia habari ya soda. Unakunywa soda harusini, unafuta mdomo, unashika chombo, na ile sukari inaingia na pumzi. Ndani ya shaba unyevu wenye asidi unakula zinki, na unabaki na madoa ya rangi ya waridi yanayotoboa mrija kidogokidogo kutoka ndani. Sukutua maji kwanza. Vua kila kitu, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kila mwezi. Nilitazama ndani ya mrija wa kwanza wa tromboni yangu kwa tochi ya simu. Madoa yalikuwepo mawili.

Mwalimu wa warsha ya pili alikuwa dada mmoja anayefundisha muziki sekondari, na somo lake lilikuwa ulimi. Tromboni ina ugumu ambao tarumbeta haina. Ukiunganisha noti mbili bila kuzigusa kwa ulimi, slaidi inaburuza sauti yote iliyo katikati, unasikika kama unaomboleza bila kukusudia. Hivyo lazima ulimi uguse, lakini kwa upole, kwa "du" au "lu" badala ya "tu". Alituambia tuseme kwanza bila chombo: tu, tu, tu, kisha du, du, du. Halafu akasema kitu kilichonifurahisha: sisi lugha yetu imeshatufanyia nusu ya kazi, maana silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu, mdomo unabaki wazi na hewa inaendelea kwenda. Kwa noti za haraka ulimi hupiga mbele na nyuma kwa zamu, ta-ka, ta-ka. Akatutaka wote tuseme "takataka" haraka iwezekanavyo. Watu wazima ishirini na sita tumekaa kwenye viti vya plastiki tunasema takataka takataka takataka, na dakika kumi baadaye nilipiga mstari wa noti kumi na sita ambao nilikuwa naukwepa tangu mwaka juzi.

Kabla ya chakula kukatokea mkanganyiko uliotufundisha kuliko ratiba. Kiongozi wa mazoezi ya pamoja alisema, "Wote, tupeni C." Zikatoka noti mbili tofauti, na watu watatu hawakupiga kabisa. Tuliolelewa na vitabu vya bendi za makanisa ya Ujerumani tunasoma noti kama inavyosikika kwenye kinanda. Mpango huo ulienezwa na mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa 1856 na kufariki 1941, ili bendi iweze kusoma kitabu kilekile cha mpiga kinanda. Waliopita kwenye mtindo wa bendi za shaba za Uingereza wanaandikiwa tromboni kama tarumbeta: wanaona C kwenye karatasi, masikioni inatoka B flati, toni nzima chini yake. Na wale watatu walijifunza kwa solfa za kwaya, zile do, re, mi. Kwao do haina nyumba moja, inahama na wimbo, ndiyo maana waliuliza kwa haki kabisa, "Do ya wimbo gani?"

Kila upande ulianza kueleza kwa nini wake ndio sahihi. Mzee akapiga makofi mara moja. "Fungeni slaidi. Wote. Pulizeni ya katikati." Tukapuliza. Ikatoka B flati moja, ya watu ishirini na sita, na vioo vya ukumbi vikatetemeka. Kuanzia hapo hadi jioni hakuna aliyeitaja noti kwa herufi. Tuliitana kwa pozisheni: ya kwanza juu, ya tatu, ya nne chini.

Ndipo tulipofika ya sita.

Mzee alikuwa na tromboni ya besi, ile yenye kifaa cha kidole gumba. Ukikibonyeza, hewa inazungushwa kwenye mrija wa ziada na chombo kizima kinashuka. Hivyo ile C yangu yeye anaipata akiwa amefunga slaidi kabisa. Akaishika noti hiyo, ndefu, bila kuyumba, na sisi mmoja mmoja tunyooshe mkono tuitafute. Sauti mbili zikikaribiana bila kukutana zinapigana, unasikia wimbi, wo-wo-wo-wo. Kadiri unavyosogea ndivyo wimbi linavyopungua kasi, na zikikutana linanyamaza.

Zamu yangu nilikwenda pale mkono wangu ulipozoea. Wimbi likaja la haraka, kama feni mbovu. Mzee hakuacha kupuliza, akanifanyia ishara kwa nyusi: nenda. Nikasogea kidogo. Nenda. Nikasogea tena. Nenda tu. Nilivuta mpaka nikaona nimepotea kabisa, vidole vitatu kupita mahali pangu pa siku zote, na hapo wimbi likanyamaza. Sakafu ilitulia. Sikuwahi kuisikia noti hiyo ikiwa imekaa.

Dada mwalimu alinieleza sababu kwa kalamu na karatasi, na naiandika hapa kwa ajili ya yeyote anayehesabu viganja kama nilivyokuwa. Mrija wa tromboni ya kawaida una urefu wa karibu mita 2.7. Ili ushuke nusu toni, urefu wote lazima uongezeke kwa karibu asilimia 6, yaani sentimita 16 hivi. Slaidi ina miguu miwili, kwa hiyo mkono unasogea nusu yake, sentimita 8, na hicho kweli ni kiganja kimoja. Lakini ukishafika pozisheni ya pili mrija umeshakuwa mrefu zaidi, na asilimia 6 ya mrefu ni kubwa kuliko asilimia 6 ya mfupi. Kila hatua inaizidi iliyotangulia. Ya mwisho, kutoka ya sita kwenda ya saba, inakaribia sentimita 11. Mimi nilitembea kwa hatua zilizo sawa, na kila hatua ilinipunja kidogo, mpaka ya sita deni likawa vidole vitatu. Mwalimu wangu wa kwanza hakunidanganya. Kiganja chake kilikuwa sahihi kwa hatua ya kwanza, na hakuwa na mtu wa kumwambia habari ya nyingine tano.

Joto nalo lina lake. Mchana wa Dar hewa ndani ya mrija inapata moto, sauti inasafiri haraka zaidi, na shaba yote inapanda. Kinanda cha umeme hakipandi. Kwa hiyo ukiiacha sauti kama ulivyoipanga asubuhi, ibada ya saa nne itakukuta umepanda kuliko kinanda.

Wakati wa pilau mazungumzo yalikwenda kwenye misiba. Tuliulizana nani anapiga wapi zaidi, na karibu wote tulijibu vilevile: harusini ndiko kwenye hela, lakini makaburini ndiko tunakoitwa mara nyingi zaidi. Mchungaji kijana mpiga tromboni kutoka Kibaha akatueleza jambo. Kwenye Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15, sisi tunasoma "parapanda italia". Luther alipoitafsiri kwa Kijerumani aliandika Posaune, na kwa Wajerumani wa leo Posaune ndiyo tromboni. Hata bendi zao za kanisani zinaitwa kwaya za Posaune, ingawa nusu ya vyombo ni tarumbeta. Na Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, ambao ndugu zao walifika Rungwe mwaka 1891, walikuwa na desturi ya kutangaza kifo kwa kwaya ya tromboni. Walipiga tenzi tofauti kulingana na aliyefariki, ili watu wajue kabla ya kuuliza kama aliyetwaliwa ni mjane, kijana au mtoto.

Nilikaa na sahani mkononi nikiwaza ni mara ngapi nimesimama makaburi ya Kinondoni na kwingineko, mstari huo unasomwa, nami nimeshika chombo chenyewe nikisubiri ishara ya mchungaji.

Onyesho lilianza saa kumi na moja, milango imefunguliwa pande zote, watu wa mtaani wamejaa mpaka barazani. Sitaeleza kila kipande. Wa Unguja alitupeleka beni, ngoma iliyozaliwa pwani hii yetu miaka ya 1890 kwa watu kusikiliza bendi za wakoloni na kuzigeuza zao. Neno lenyewe limetokana na bendi. Bibi mmoja alitoka barazani akaja kucheza mbele kabisa. Vijana wa Morogoro walimpigia Jonas Gwangwa, Mwafrika Kusini aliyeipiga tromboni kwenye kundi la jazi la Jazz Epistles mwaka 1959 pamoja na Hugh Masekela na Abdullah Ibrahim, kisha akaliongoza kundi la Amandla la ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wakiwa uhamishoni. Mmoja wao anaishi Mazimbu, pale ANC walipojenga shule ya Solomon Mahlangu mwaka 1978, na alisema muziki huo aliusikia nyumbani kabla hajajua tromboni ni nini. Aliposhusha slaidi kutoka ya kwanza hadi ya saba kwa pumzi moja, watoto walipiga kelele kama goli limeingia.

Mwisho tulipiga wanne: Mzee, dada mwalimu, mchungaji wa Kibaha na mimi. Beethoven aliandika vipande vitatu vifupi vya tromboni nne huko Linz mwaka 1812, kwa ajili ya Siku ya Marehemu, na viwili kati yake vilitumika kwenye mazishi yake mwenyewe mwaka 1827, wanaume wakiimba. Vinaitwa Equale, maana yake sauti sawa. Tulikuwa tumevifanyia mazoezi kwa saa moja tu. Hakuna ngoma wala tarumbeta ya kujificha nyuma yake. Sauti nne za ukoo mmoja zinaingia polepole, zinangojana, zinatua. Barazani mtu alimnyamazisha mtoto. Nilipofika kwenye C sikuitazama mikono. Mzee alikuwa chini yangu, na niliposikia wimbi linakufa nilijua nimefika.

Nilirudi Kimara usiku na namba za simu kumi na nne ambazo asubuhi sikuwa nazo.

Siku kumi na moja baadaye tulifiwa na mzee wa kanisa letu, bass wa kwaya kwa miaka zaidi ya niliyoishi. Bendi yetu ilikuwa imegawanyika, tarumbeta wengi wako kazini, maana ilikuwa Jumatano. Nilipiga simu tatu. Dada mwalimu aliomba ruhusa shuleni. Mchungaji alitoka Kibaha na bodaboda mpaka Kimara, sanduku mgongoni. Mzee alifika kabla yetu sote, shati lilelile jeupe, krimu na kichupa cha maji mfukoni, na kabla hatujaanza alitunyunyizia slaidi zote nne mmoja baada ya mwingine.

Mchungaji wetu akasoma. Alipofika kwenye parapanda akatuangalia, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani. Tukanyanyua.